Nyumba Njema si Mlango: Kuta, Mapaa na Joto katika Historia ya Ujenzi wa Pwani

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, wakatutaka tufungue tuingie ndani. Wengi walioandika habari za nyumba za pwani ya Afrika ya Mashariki wamebaki mlangoni. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Unguja imepigwa picha na kuelezwa kwa urefu. Zidaka za ukutani zimehesabiwa. Asili ya mapambo imebishaniwa, huyu akisema yametoka Uarabuni na yule akisema yamezaliwa papa hapa. Hayo yote yana thamani yake. Lakini mtu aingiaye katika nyumba ya mawe ya Lamu saa saba za mchana, mwezi wa Februari, huhisi jambo moja mwilini kabla macho yake hayajazoea giza la ndani: joto limebaki nje.

Makala haya yanakusudia kulifuata jambo hilo. Tutauliza jinsi waashi na waezekaji wa pwani walivyolizuia joto kwa vitu walivyovipata baharini, mikokoni na mashambani, yaani mawe, chokaa, udongo, boriti na makuti. Kisha tutauliza ni nini kilichosalia cha maarifa hayo katika lugha yetu. Maswali haya mawili hayatengani. Maarifa ya ufundi huu hayakuandikwa vitabuni na wenyewe. Yalikaa mikononi mwao na katika maneno waliyoyatumia kazini.

Historia ya nyumba zetu aghalabu husimuliwa kama ngazi. Kwanza udongo na nyasi, kisha jiwe na chokaa, mwishoni saruji na bati; na kila kipandio huhesabiwa kuwa bora kuliko kilichotangulia. Tutajaribu kuonyesha kwamba, tukilipima jambo hili kwa kipimo cha joto, ngazi hiyo haisimami. Jiwe na makuti yalikuwa majibu mawili tofauti ya swali moja, na yaliishi pamoja kwa karne nyingi. Bati lilikuja kujibu maswali mengine.

2. Njia mbili za kulizuia joto

Kabla ya kuingia katika ushahidi wa kihistoria, hapana budi tueleze kwa ufupi jinsi joto linavyopita katika ukuta na paa.

Njia ya kwanza ya kulizuia ni uzito. Ukuta mnene wa mawe, wenye nusu mita au zaidi, hauukatai mwako wa jua. Huupokea polepole na kuuweka. Joto lililoanza kuingia upande wa nje asubuhi huchukua saa nyingi kufika upande wa ndani, na linapofika, jua limekwisha kutua na upepo wa usiku umeanza kuvuma. Hivyo chumba hakipati ukali wa mchana wala baridi ya alfajiri, bali kadiri ya hali hizo mbili.

Njia ya pili ni wepesi. Makuti, nyasi, magome na vitu vingine vya namna hiyo vina hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, na hewa iliyotulia ni mpitishaji dhaifu sana wa joto. Paa la makuti halihifadhi joto; hulizuia tangu mwanzo, na jua linapotua lenyewe hupoa mara moja. Tofauti baina ya vitu si ndogo. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 500 kuliko makuti makavu yaliyoezekwa vizuri, na zaidi ya hayo bati la kawaida la geji 30 lina unene wa theluthi moja ya milimita, hali paa zuri la makuti laweza kufikia unene wa shubiri.

Kila njia ina kasoro yake. Nyumba nzito hutoa usiku joto lililopokea mchana, jambo ambalo katika mji wa unyevu na upepo mchache huwa adha kwa mlalaji. Paa jepesi nalo hushika moto, huliwa na wadudu, na hutaka kuezekwa upya baada ya miaka michache. Wajenzi wa pwani walizijua kasoro hizi zote mbili, na sehemu kubwa ya ustadi wao ilikuwa katika kuzipatanisha.

3. Ushahidi wa kale

Uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulioanza mwaka 1980, umetupa mfululizo mrefu wa majengo mahali pamoja. Nyumba za mwanzo, katika karne ya 8, zilikuwa za miti na udongo. Katika karne ya 10 mawe laini yaliyokatwa baharini yakaanza kutumika katika majengo makuu, na hasa msikiti. Nyumba za mawe na chokaa za watu binafsi zilienea baadaye sana, tangu karne ya 14. Kwa hiyo jamii ile ile iliyojua kukata na kuchonga mawe iliendelea kuishi katika nyumba za udongo kwa miaka mia tatu na zaidi. Mtu anayeamini ngazi tuliyoitaja atapata shida kueleza subira hiyo. Mtu anayekumbuka kuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa vizuri ni nyumba ya baridi hatashangaa.

Ushahidi wa pili watoka Kilwa. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri na uimara wa ujenzi wake, naye akaandika kuwa majengo yake yalikuwa ya miti na mapaa yake ya majani. Maelezo hayo yamewasumbua baadhi ya wasomaji, maana yanahusu enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye katika zama zake lilijengwa jumba la mawe la Husuni Kubwa, nje kidogo ya mji, lililochimbuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960. Sisi hatuoni lazima ya kumkanusha msafiri wala mchimbuaji. Jumba la mawe lilikuwapo, na mji wa miti na majani ulikuwapo, na msafiri aliyekwisha kuona miji mingi ya mawe aliuhesabu huu kuwa mzuri.

Ushahidi wa tatu ni wa msiba. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliishambulia Mombasa na kuitia moto. Taarifa zao zenyewe zataja nyumba za mawe pamoja na nyumba za makuti zilizojengwa karibu karibu, na moto ulioenea kwa sababu ya ukaribu huo. Habari hii yaonyesha mambo mawili: kwamba jiwe na makuti vilikaa mtaa mmoja, na kwamba udhaifu mkubwa wa makuti mbele ya moto ulikuwa jambo la hakika. Hatuna haja ya kuuficha udhaifu huo ili tuyasifu makuti kwa lile yalilolifanya vyema.

4. Ukuta na vitenzi vyake

Tukiugeukia ukuta, jambo la kwanza kumvutia mwanafunzi wa lugha ni wingi wa vitenzi. Mwenye nyumba ya miti husimamisha nguzo, hupitisha fito, hufunga kwa kamba, kisha hukandika. Kukandika ni kuutia udongo uliokandwa katika nafasi zilizo kati ya fito mpaka kiambaza kiwe kimoja. Fundi mzuri huchanganya udongo na majani makavu au samadi ili usipasuke unapokauka. Vitu hivyo huacha vijitundu vya hewa ndani ya udongo, na kwa ajili hiyo ukuta unaozuia nyufa ndio huo huo unaozuia joto. Yamkini fundi hakuwa na haja ya kuzitenganisha faida hizo mbili, maana alizipata kwa kazi moja.

Mwashi wa mawe ana mpango mwingine. Mawe ya nchi kavu, yaliyovunjwa kutoka kwenye miamba ya kale ya matumbawe, ni magumu na yana sura zisizolingana. Hayapangwi kama matofali. Hujengwa pande mbili, wa ndani na wa nje, na katikati hujazwa kokoto na chokaa. Kazi ya kuziba mianya iliyobaki usoni kwa vijiwe na chokaa ina kitenzi chake mahususi: kutomea. Ukuta uliotomewa vizuri hauna njia ya upepo wa moto wala ya maji. Na juu yake hupigwa lipu ya chokaa, nyeupe, inayorudisha sehemu kubwa ya mwangaza wa jua kabla haujageuka kuwa joto ukutani. Methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta ilizaliwa katika jamii iliyoijua kazi hii; leo twaitumia kuonyana juu ya tabia na siasa, nayo imesahau nyumbani kwake.

Chokaa yenyewe ilihitaji muda. Mawe yalipangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa, yakalowanishwa, na chokaa ikaachwa ikomae kwa miezi kabla ya kutumiwa. Chokaa ya namna hiyo hupumua, yaani huruhusu unyevu uliomo ukutani utoke. Sifa hii ni muhimu kwa shabaha yetu, kwa sababu ukuta wenye maji hupitisha joto kwa wepesi zaidi kuliko ukuta mkavu. Hapa ndipo saruji ilipoleta hasara ambayo watengenezaji wa nyumba za kale wa Lamu na Unguja wanaijua vizuri. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika, nayo hufunga unyevu ndani. Baada ya misimu michache hupasuka na kubanduka pamoja na ngozi ya mawe. Kwa macho ya mpita njia nyumba imetiwa nguvu. Ndani, ukuta umeacha kupumua.

5. Paa zito na paa jepesi

Karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri husimama utosini, paa ndilo linalopigwa zaidi kuliko ukuta wo wote. Katika Lamu njia nyembamba za mji huzitia kuta kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Paa halina wa kulitia kivuli. Kwa hiyo ustadi mkubwa wa wajenzi tutauona juu.

Paa la nyumba ya mawe lilikuwa la bapa, na msingi wake ulikuwa miti ya mikoko. Biashara ya miti hiyo iliacha katika Kiswahili mpango kamili wa majina kwa kufuata unene: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mtu ye yote katika biashara hiyo, awe mkataji wa Lamu au wa Rufiji, au nahodha wa jahazi la kwenda Ghuba, aliijua ngazi hii. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, ambao haukuzidi sana mita 3, ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu. Nyumba za kale za Ghuba zilizojengwa kwa boriti hizo zilifuata sheria iyo hiyo. Kenya ilipopiga marufuku kupeleka miti ya mikoko ng'ambo mwaka 1982, mkono mmoja wa biashara ya karne nyingi ulikatika, na majina yale yakabaki na uwanja mdogo zaidi wa kutumiwa.

Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa kokoto na chokaa, ikapondwa kwa siku nyingi mpaka ishikamane. Kazi hii huitwa kusakifu, na kitenzi hicho ni kimoja kwa sakafu ya chini na kwa dari ya juu. Ni hapa tunapokutana na ushahidi wa lugha wenye thamani kubwa. Edward Steere, katika orodha ya maneno iliyomo kitabuni mwake cha kufundisha Kiswahili cha Unguja, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1870, alilieleza neno matumbawe kuwa ni mawe mabichi yakatwayo baharini chini ya mpaka wa maji kujaa, yanayotumiwa katika mapaa na mahali panapotakiwa wepesi. Maelezo hayo yafaa kutazamwa kwa makini. Hayakuishia kusema matumbawe ni nini. Yalisema yatoka wapi na yafanya kazi gani. Ni dhahiri Steere aliyapata kwa waashi. Naye hakuyaacha kitabuni: kanisa la Mkunazini, Unguja, alilolianza mwaka 1873, liliezekwa kwa kuba ndefu ya vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji, na paa hilo liliwashangaza waliodhani lingeanguka.

Wepesi wa matumbawe watokana na vijitundu vilivyomo ndani yake, na vijitundu hivyo vimejaa hewa. Mwashi aliyeyachagua kwa kuhurumia boriti zake alikuwa pia, ajue asijue, akichagua jiwe linalozuia joto kuliko mawe mengine. Paa zito likapata sehemu ya sifa ya paa jepesi.

Makuti nayo yana elimu yake. Kiswahili hutofautisha makuti ya viungo, ambayo majani yake hukunjwa juu ya ufito na kushonwa ili yaezekwe, na makuti ya kumba, yaliyosukwa kwa ajili ya ua na viambaza. Makuti ya viungo hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia, na paa huinamishwa sana ili maji yasikae. Kadiri safu zinavyokaribiana ndivyo hewa inavyonaswa, na ndivyo paa linavyodumu. Mwezekaji anayepanua nafasi ili kupunguza gharama hupunguza vyote viwili.

Upatanisho wa njia mbili tulizozieleza mwanzoni waonekana katika mji wa Lamu wenyewe. Nyumba nyingi za mawe zilipata, juu ya dari yake ya bapa, paa la pili la makuti lililosimamishwa juu ya nguzo, pande zake zikiwa wazi. Jiko nalo mara nyingi liliwekwa huko juu, ili moto na moshi visiingie vyumbani. Paa hili la makuti huizuia dari isipigwe na jua. Upepo wa bahari hupita baina ya mapaa mawili. Na usiku wenye nyumba hupata mahali pa kulala pasipo na jiwe lenye moto juu yao. Usam Ghaidan, katika uchunguzi wake wa mji huo uliochapishwa mwaka 1975, aliwafungulia wasomaji mlango wa kuiona Lamu kama mpango mmoja wenye akili. Sisi twaongeza tu kwamba katika mpango huo makuti si dalili ya umaskini. Yamewekwa juu ya jiwe, na jiwe lapata nafuu kutoka kwayo.

Unguja ilichukua njia nyingine. Kisiwa hicho hupata mvua nyingi kuliko Lamu, na dari za bapa zilivuja. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, juu ya dari nyingi za Mji Mkongwe yakaezekwa mabati yaliyoinama. Penye dari nzito chini yake na hewa katikati, bati halikudhuru sana, kwa kuwa dari ndiyo iliyobeba kazi ya kulizuia joto. Madhara yalikuja baadaye, bati lilipobaki peke yake.

6. Watu wa pwani walipokwenda bara

Yafaa tuondoke pwani kidogo, kwa maana safari za misafara zatupa jaribio zuri la hoja yetu. Wafanyabiashara wa pwani walipojenga makao Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hawakuwa na matumbawe, chokaa, wala minazi ya kutosha. Walilolifanya ni kulichukua jengo walilolikuta katika nchi za kati: tembe. Hili ni jengo la kuta nene za udongo lenye paa la bapa, au lililoinama kidogo, la miti iliyotandikwa matawi au nyasi, na juu yake udongo. Richard Burton aliyaona majengo hayo katika safari yake ya miaka ya 1857 hadi 1859, na mwaka 1872 David Livingstone alikaa katika tembe ya Kwihara, aliyoachiwa na Stanley, akingojea wapagazi.

Nchi za Ugogo na Unyamwezi zina mchana mkali na usiku wa baridi, hasa miezi ya Juni na Julai, na mvua zake si nyingi. Katika hali hiyo uzito ndio unaofaa, na paa la udongo ni ukuta uliolazwa. Watu wa pwani waliuelewa mara moja, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa na dari ya chokaa inayofanya kazi ya namna moja. Neno tembe likaingia katika Kiswahili pamoja na jengo lake. Hapakuwa na haja ya kulidharau, wala hatuna ushahidi kwamba walilidharau. Dharau ilikuja baadaye, katika siku za ukoloni na hata katika mipango ya makazi iliyofuata uhuru, pale nyumba ya bapa ya udongo ilipohesabiwa kuwa alama ya kubaki nyuma.

7. Bati na maneno yake

Bati lenye migongo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London. Lilibuniwa kwa ajili ya kuezeka mabohari makubwa kwa gharama ndogo, na kwa kazi hiyo lilikuwa jambo la ajabu: jepesi kubeba, rahisi kupigilia, lisiloshika moto. Afrika ya Mashariki lilienea kwa kasi pamoja na reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896. Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, ilikuwa mji wa mahema na mabati kabla haijawa mji wa mawe. Ilipozuka tauni, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto mwaka 1902 kwa amri ya wakuu, na hofu ya namna hiyo, ya maradhi na ya moto, iliwapa watawala wa miji sababu ya kuyachukia majani na makuti.

Hatuwezi kusema hofu hiyo haikuwa na msingi, wala kwamba watu walilazimishwa tu. Mama aliyechoka kukata nyasi na kungojea mwezekaji kila baada ya miaka michache alikuwa na haki ya kulifurahia bati. Na maji ya mvua yanayotoka juu yake ni safi kuliko yanayochuruzika kutoka kwenye majani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya 4 katika kila kaya 5 ziliishi chini ya mabati. Idadi kama hiyo haipatikani kwa amri peke yake.

Lakini pamoja na bati yalikuja maneno yaliyotoa hukumu. Twasema nyumba ya kudumu na nyumba ya muda. Twasema nyumba bora. Maneno haya hupima muda wa kusimama na uwezo wa kukopeshewa. Hayapimi hali ya mtoto aliyelazwa chini ya bati tupu saa nane mchana. Nyumba ya mawe na chokaa ya Lamu, iliyosimama zaidi ya miaka mia mbili bila chembe ya saruji, yaweza katika fomu fulani kukosa mahali pa kuandikwa, na nyumba ya matofali membamba iliyoezekwa bati bila dari ikaitwa ya kudumu siku ile ile ilipomalizika.

Yapasa tukiri pia kwamba ubaguzi wa majengo haukuletwa wote na wageni. Waungwana wa Lamu waliifanya nyumba ya mawe kuwa cheti cha ukoo. Jiwe lilikuwa dhamana ya mfanyabiashara na heshima ya binti wa nyumba. Aliyeishi katika makuti alijua daraja lake. Ngazi ilikuwapo tayari, na bati lilikuja kupanda juu ya kipandio cha mwisho. Tofauti ni kwamba muungwana, hata alipoyadharau makuti kwa mdomo, aliyaezeka juu ya dari yake.

8. Kazi iliyo mbele ya wanalugha

Walimu wa sayansi wanapotafuta neno la kuelezea kazi hii yote ya kuzuia joto lisipite, hulitumia tendo la kuhami, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kulinda, na kwa kitu kinachofanya kazi hiyo hutumia kihami. Maneno hayo ni mazuri na hatuyapingi. Lakini yakiingia katika vitabu pasipo historia, mwanafunzi atadhani kwamba Waswahili hawakuwa na jambo hilo mpaka lilipopatiwa neno. Ukweli ni kwamba lugha ilikuwa na maneno mengi mno kuweza kuhitaji moja: kuezeka, kukandika, kutomea, kusakifu. Kila kitenzi kilibeba kitu chake, mahali pake na sababu yake.

Mwandishi wa makala haya amewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya kutomea. Katika darasa zima alijibu mmoja, mjukuu wa mwashi, naye alijibu kwa mikono kabla ya kujibu kwa maneno. Wengine waliijua methali ya ufa na ukuta, na waliweza kuichambua vizuri sana.

Jambo hili latupa wajibu wa namna mbili. Kwanza, tunapokusanya maneno ya ufundi, tufuate mfano wa orodha ile ya mwaka 1870: neno liandikwe pamoja na kazi yake. Kusema kwamba boriti ni mti wa kujengea na tumbawe ni aina ya jiwe ni kuandika jina juu ya kaburi. Yapasa tuseme boriti huchukua nini, hupita wapi, na kwa nini tumbawe likachaguliwa mahali ambapo jiwe la nchi kavu lingefaa kwa ugumu. Maelezo hayo hayapatikani maktabani. Yapo kwa mafundi ambao wengi wao ni wazee. Pili, tuyachunguze maneno yetu ya hukumu. Lugha rasmi inayoita makuti na udongo kuwa vya muda imemfunza mwananchi kuona aibu mahali ambapo angeweza kuona hesabu: kwamba dari ya majani au ya mbao chini ya bati, lipu ya chokaa mahali pa saruji, au kivuli cha makuti juu ya dari ya zege, ni mambo yaliyokwisha kujaribiwa hapa kwetu kwa karne nyingi.

Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Heshima hiyo imewavuta wengi waje waitazame milango. Sisi tulio na lugha tuna nafasi ya kuwakaribisha ndani, tuwaonyeshe juu, tuwaambie kila kitu kinaitwaje na kilifanya kazi gani, maadamu wapo wa kutuambia.